Kubadili Jembe Mvua Ikinyesha

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii nilifundishwa nikiwa mtoto wa shule Ilongero, nami nimeifundisha chuoni kwa muda wa miaka kumi na zaidi, na katika muda huo wote sikupata kuishuku. Maana yake yaonekana kuwa nyepesi: atakaye kulima hulima kwa jembe alilo nalo, na yeye akaaye akipima mipini na kugeuzageuza makali mkononi hana nia ya kulima, anatafuta udhuru. Walakini methali ni kama sarafu. Hupita mikononi mwa watu wengi mpaka sura iliyochorwa juu yake ikafutika, na kila mtu huipokea kwa mazoea bila ya kuitazama. Mimi nilikuja kuitazama kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe, jambo la kompyuta na wala si la shamba, na swali lililozaliwa na jambo hilo ndilo nitakalo kulieleza hapa. Mtu aliyeianza kazi kwa hiari yake, asiyetumwa na mtu wala kulipwa na mtu, ana haki gani ya kubadili zana zake kazi ikiwa katikati?

Nianze na jembe lenyewe, kwa sababu naona methali imemwonea mkulima. Ilongero iko katika nchi ya Wanyaturu, safari fupi kutoka mji wa Singida, na mvua yake ni ya msimu mmoja kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, na ifikapo Mei imekwisha koma. Miezi iliyobaki ardhi hukauka, upepo huvuma, na watu huuza alizeti na vitunguu, hutengeneza nyumba zao, huoza watoto wao. Katika miezi hiyo mikavu mkulima wa Ilongero huchagua jembe, tena huchagua sana. Utamwona gulioni akiligonga kwa ukucha na kutega sikio asikie sauti ya chuma. Hulinganisha shingo na mpini, huondoka, hurudi, hubishana bei. Mwenye ng'ombe wa kulimia hulikagua plau lake na kubadili chuma kilicholika. Hapana amchekaye. Lakini mvua ikianguka uchaguzi umekwisha. Aliye na jembe jema hulima kwa jembe jema, na aliye na butu hulima kwa butu, kwa kuwa uwele na mtama havimngojei mtu, na aliyechelewa kupanda huvuna mabua. Likimvunjikia mkononi, hapo kweli hana budi kutafuta jingine. Walakini halitafuti jipya wala zuri. Huazima la jirani, lo lote lile, na kurudi shambani kabla udongo haujakauka.

Nadhani mvua ndiyo iliyofichika ndani ya methali ile. Wahenga hawakuitaja kwa sababu kwao ilikuwa dhahiri: aliyesema na aliyeambiwa wote walikuwa wakiitazama mbingu ile ile. Sisi tunaokaa mbele ya kompyuta hatuna mbingu ya kutazama, na hapo ndipo penye mashaka yetu.

Sasa nieleze kazi yangu. Mwaka 2017 niliazimia kuandika programu ya kuhifadhi maneno ya Kinyaturu, lugha ambayo wengine huiita Kirimi. Vitabu vyake si vingi. Mwaka 1964 Howard Olson aliandika tasnifu juu ya sauti zake na maumbo ya maneno yake, na wataalamu wa toni wanaijua sana lugha hii kwa namna toni yake ya juu inavyosogea kutoka silabi moja kwenda ya mbele yake. Lakini mtoto wa Kinyaturu aliyezaliwa Dar es Salaam hasomi tasnifu. Nilitaka mtoto huyo aweze kugusa neno katika simu na kulisikia likitamkwa kwa sauti ya bibi yake. Hapana ofisi iliyoniagiza kufanya hivyo, wala hapana fedha zilizotolewa. Ilikuwa kazi ya usiku na ya likizo.

Bibi mwenyewe nilikuwa naye. Mama yangu mkubwa alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei, amekaa Ilongero maisha yake yote, na kichwani mwake mlikuwa na maneno ambayo mama yangu mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasahau. Tulikaa uani jioni, mimi na kompyuta mapajani, yeye na ungo wake. Mwanzoni alinipa maneno kama mtu agawaye karanga kwa watoto, machache machache, akinitazama nitayafanya nini. Alipoona nayatunza akaanza kuyamimina. Alinipa majina ya ndama kwa umri wake na kwa rangi yake. Majina ya sehemu za tembe, tangu nguzo hata udongo wa paani. Maneno ya uwele uliopevuka, uliopigwa na ndege, uliovunwa kabla ya wakati kwa sababu ya njaa. Nilipokosea kutamka alinirudisha mara tatu na mara nne, na sikumbuki kwamba alichoka. Mwaka wa kwanza tulipata maneno kama 900.

Lugha niliyoiandikia programu hiyo ilikuwa PHP, ambayo nilijifunza kwa vitabu na kwa kuuliza watu. Ilikuwa zana ya kawaida kabisa, iliyotumiwa na maelfu ya watu kabla yangu, nami nilikuwa nimeanza kuizoea, ndipo yalipotokea mashaka. Kinyaturu kina irabu saba, na Kiswahili kina tano; tena yako maneno yanayofanana herufi zote na kutofautiana kwa toni tu. Mfano wake siuandiki hapa, kwa kuwa alama zenyewe ndizo zilizoniletea taabu. Nilipotia neno la pili la jozi kama hiyo, ghala la maneno ndani ya programu lilikataa kulipokea, likidai ya kuwa neno hilo limo tayari. Nilijaribu mara nyingi. Mama mkubwa akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia kwamba chombo kina kasoro, na ya kuwa tutaendelea kitakapotengenezwa.

Nilimweleza habari hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana anayeijua kazi ya kuandika programu kunishinda mara kumi. Akacheka kwa adabu. "Mjomba," akasema, "hiyo lugha unayoiandikia ni ya wazee. Tuiache. Iko nyingine, na ndani yake shida hii haipo." Nikamtajia methali ya mbachao na msala upitao. Akanijibu, "Msala huu haupiti, Mjomba. Huu umekuja kukaa." Basi tukaiacha PHP, tukaanza upya kwa Python. Kazi hiyo ilichukua muda wa mwaka. Kisha mpwa wangu akaona ya kuwa programu ya namna hiyo haitakwenda vizuri katika simu za watu, na kwa jambo hilo alikuwa na haki. Tukaanza upya mara ya tatu, kwa zana iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya simu. Ikawa mwaka 2020. Maneno yale 900 tulikuwa tumeyahamisha mara mbili kutoka nyumba hata nyumba, kama watu wanaohama na vyombo vile vile, na katika miaka yote hiyo maneno mapya tuliyoongeza hayakuzidi 60.

Sitamlaumu kijana. Aliyeshika mamlaka ya kazi ni mimi, na nikiupima moyo wangu wa wakati ule kwa unyofu, naona kwamba sikusukumwa na kasoro peke yake. Nilivutwa na utamu. Kazi inapoanzwa huwa safi: faili ni tupu, kila kitu kina mahali pake, na kosa la kwanza halijafanywa. Kazi inapofika katikati huwa na madoa, na kila doa lina jina la aliyelitia. Zana mpya humwahidi mtu usafi ule wa mwanzo kwa mara nyingine, na humwondolea aibu ya kuyatazama makosa yake. Tena humpa kitu kingine cha hatari zaidi, nacho ni jasho. Mtu mvivu akilala hujua ya kuwa amelala. Mtu anayebadili zana hakeshi bure hata kidogo kwa jinsi aonavyo: husoma, hujaribu, hufurahi anapofaulu, huamka na macho mekundu. Uchovu wake ni wa kweli, kwa hiyo dhamiri yake haimsumbui. Mimi katika miaka ile mitatu nilifanya kazi nyingi kuliko katika mwaka wa kwanza, na nikiulizwa kamusi imefika wapi nilijibu kwa fahari kwamba inaendelea vizuri.

Hapa yafaa nimsikilize mpinzani, kwa kuwa ana hoja nzito. Atasema: je, haikutokea kwamba mtu aliacha kazi yake ili atengeneze zana, na ulimwengu ukanufaika? Imetokea. Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alikuwa akiandika mfululizo wa vitabu vikubwa juu ya elimu ya kuandika programu. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1968 na la tatu mwaka 1973. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu la pili. Wapiga chapa walikuwa wameiacha mitambo ya zamani ya herufi za risasi na kushika upigaji chapa wa picha, na maandishi yale yalimchukiza kwa ubaya wake. Akasimamisha kitabu. Akaamua kutunga programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, akidhani ya kuwa likizo moja ya chuo ingetosha. Programu hiyo, iitwayo TeX, ilimchukua karibu miaka kumi pamoja na kazi zilizoambatana nayo. Hata yenyewe aliiandika mara ya kwanza kwa lugha moja mwaka 1978, kisha akaiandika upya yote kwa njia nyingine iliyokamilika mwaka 1982. Leo makala za hisabati ulimwenguni kote hupangwa kwa chombo hicho.

Ni mfano mkubwa, na sitaki kuupunguza. Lakini yako mambo mawili katika habari ya Knuth ambayo wapenda zana hawayataji. La kwanza ni kwamba alifika mahali akasimama: toleo la 3 lilitoka, na baada yake akatangaza kwamba hataongeza lo lote jipya, atasahihisha makosa tu, na namba ya toleo husogea kidogo kidogo kuielekea namba ile ya duara ambayo haina mwisho. Mpenda zana hajui kufunga mlango namna hiyo. La pili ni kwamba sehemu ya kwanza ya juzuu la nne ilitoka mwaka 2011. Kati ya juzuu la tatu na hilo ni miaka 38. Mwanafunzi aliyelisoma juzuu la tatu akiwa na miaka ishirini na mitano alilipokea lililofuata akiwa na miaka sitini na mitatu, ikiwa alijaliwa umri. Sisemi Knuth alikosea. Nasema kwamba kulikuwa na gharama, na wasomaji waliingojea bila kuulizwa.

Kwa kampuni ya Netscape gharama iliangukia wenyewe. Toleo la 4 la programu yao ya kutazamia intaneti lilitoka mwaka 1997. Mwaka uliofuata wakaamua kuitupa injini ya zamani na kuunda mpya, na toleo la 6 halikutoka mpaka Novemba 2000, la 5 likiwa limerukwa. Katika miaka hiyo mshindani wao aliwanyang'anya watumiaji. Msimbo walioupanda umezaa matunda mema baadaye mikononi mwa wengine, lakini Netscape haikuwapo kuyala.

Karibu zaidi nasi iko habari ya Kenya, nayo kwangu ina mafunzo makubwa kuliko hizo mbili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ile iliingia katika machafuko, na zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh alitoa wito wa kutengenezwa ramani ambayo raia wangeweza kupeleka habari za mambo waliyoyaona kwa macho yao. Yeye na wenziwe, kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, wakaisimamisha kwa muda wa siku chache, nao wakaiita Ushahidi. Kazi ya siku chache haiwezi kuwa na umbo zuri, na hapana aliyeidai uzuri; watu walikuwa wakifa, na zana iliyokuwa mkononi ndiyo iliyotumika. Dharura ilipopita wakaketi, wakauandika upya msimbo kwa PHP, ili mtu yeyote, mahali popote, aweze kuutumia. Na lilipotokea tetemeko la Haiti, Januari 2010, chombo kilikuwa tayari. Wale watu walikuwa na mbingu ya kutazama. Walijua lini mvua inanyesha na lini imekoma, wakalima katika wakati wa kulima na kuchagua jembe katika wakati wa kuchagua.

Nami kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili siwezi kulipita badiliko la zana lililo kubwa kuliko yote katika fani yangu, yaani badiliko la hati. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilikuwa na upungufu ambao kila aliyezitumia aliujua: alama za irabu ni tatu, na Kiswahili kina irabu tano, hivyo e na i hushirikiana alama moja, na o na u nyingine, wala p, ch, g na v hazina mahali pake katika Kiarabu, na waandishi waliziazimia herufi za jirani kila mmoja kwa njia yake. Msomaji wa utenzi wa kale hakusoma tu, alikumbuka na kukisia. Ilipoundwa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili, hati ya Kirumi ilikuwa imekwisha kuwa hati ya shule na ya serikali, na kwa mintarafu ya irabu hapana ubishi kwamba ilitufaa zaidi.

Basi maneno ya wale waliotutangulia yalivukaje kutoka hati hadi hati? Mengine hayakuvuka. Yako maandishi masandukuni, pwani na Ulaya, ambayo hapana ajuaye kuyasoma kwa hakika, kwa kuwa aliyejua kwamba mahali hapa ni p wala si b alikufa bila kuulizwa. Lakini yako yaliyovuka salama, na mfano wake ulio bora ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa aliyeyajua mashairi hayo pamoja na visa vyake na watu wake, aliyakusanya na kuyaeleza, na mmisionari William Taylor akayaandika na kuyatunza. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ilipigwa chapa kwa hati ya Kirumi mwaka 1940, chini ya uhariri wa William Hichens, yaani nusu karne baadaye. Hebu fikiri, msomaji, kama wangekubaliana kungoja hati iliyo bora ndipo waanze. Hati bora ilikuja, tunayo. Sikujua angalikuwa hayupo.

Ninapoyafundisha haya darasani husisitiza sana jina la Sikujua, kwa kuwa naona sifa nyingi zimekwenda kwa wenye kalamu kuliko kwa mwenye kumbukumbu. Nimelifundisha somo hilo kila mwaka. Nililifundisha mwaka 2018, na mwaka 2019, na mwaka 2020, na jioni yake nikarudi nyumbani kushauriana na mpwa wangu juu ya zana.

Kila likizo nilipofika Ilongero, mama mkubwa aliniuliza, "Mwanangu, chombo chako kimepona?" Nilimjibu ya kuwa kinaendelea kupona. Hakunikaripia. Aliniambia mara moja kwamba ameniwekea maneno ya nyuki, tangu mzinga hata asali, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa mtu wa mizinga na yeye mwenyewe aliyajua yote. Lakini hataki kuyatoa yakae katika chombo kigonjwa yakapotea, basi atangoja. Nikamshukuru. Ningeweza kuchukua daftari la shilingi mia chache na kalamu. Nakumbuka kwamba kalamu nilikuwa nayo mfukoni.

Alifariki Machi 2021, mvua zikiwa bado. Tulimzika asubuhi kwa sababu ya mawingu.

Miezi michache baadaye nilikuwa nikitayarisha somo juu ya utungaji wa kamusi, nikaifungua nakala ya programu ile ya kwanza kabisa, ya PHP, ili niwaonyeshe wanafunzi mfano wa kosa. Kwa mara ya kwanza nikasoma kwa utulivu maelezo ya ghala lile la maneno. Ghala la namna hiyo hulinganisha maneno kwa kanuni ambayo mwenye programu huichagua, na asipochagua hupewa iliyo ya kawaida. Kanuni ya kawaida ilihesabu a yenye alama ya toni na a isiyo na alama kuwa herufi moja, jambo lenye manufaa kwa watu wengi. Kanuni nyingine, yenye kutofautisha kila alama, ilikuwamo humo humo tangu siku ya kwanza. Kuibadili kulihitaji mstari mmoja. Niliuandika mstari huo, nikatia neno la pili la ile jozi, likapokewa. Kweli mpango wa alfabeti ungehitaji marekebisho kidogo baada ya hapo, kazi ya siku mbili au tatu. Jembe halikuwa limevunjika. Lilikuwa limelegea mpini, nami sikuinama kulitazama.

Mpwa wangu nilipomwonyesha alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sina budi kuliandika, kwa sababu linaniharibia hoja yangu. Alisema kwamba zana zile mbili alizojifunza katika kazi yetu ndizo zilizompatia ajira, na ya kuwa sasa anamlipia mdogo wake ada kwa ujuzi huo. Tena akanikumbusha kwamba zana hazibaki mahali pamoja hata sisi tukibaki: lugha ya Python ya toleo la 2 iliachwa rasmi na watunzaji wake tarehe 1 Januari 2020, na waliokataa kuhama tangu toleo la 3 lilipotoka mwaka 2008 walijikuta wamebaki katika nyumba isiyo na mlinzi. Yote mawili ni kweli. Siwezi kusema kwamba miaka ile haikuzaa kitu, ilizaa fundi. Wala siwezi kusema kwamba programu ya PHP ingefaa katika simu za watoto wa Dar es Salaam, kwa maana haingefaa, na siku moja tungelazimika kuhama.

Walakini siku moja si siku yoyote. Hapa ndipo ninapoachana na wale wasemao kwamba mtu huru katika kazi yake huru hana wa kumjibu. Nilijiona huru kwa kuwa sikuwa na tajiri. Mtumishi hubadili zana kwa ruhusa, na ruhusa hiyo, kwa udhia wake wote, humlazimisha kusema kwa sauti kwa nini anabadili na nani atangoja. Mimi sikuulizwa na mtu, nikadhani wakati ninaoutumia ni wangu. Kumbe kazi hata iwe ya hiari namna gani huwa na watu ndani yake tangu siku mtu wa pili anapoitumainia, na tangu siku hiyo wakati wake huwa ni wa ubia. Mama mkubwa alikuwa mbia. Mtaji alioutia ulikuwa mkubwa kuliko wangu na ulikuwa na mwisho, nami niliujua mwisho huo kama mtu yeyote ajuavyo habari za wazee wake. Kama ningemweleza mambo kama yalivyo, kwamba chombo kinafanya kazi ila hakinipendezi, sidhani kwamba angesema tungoje.

Tangu hapo nimekuwa na desturi ya kwenda Ilongero kila mwezi wa Julai, na daftari. Nimepata wazee wengine wawili, wema wote, ingawa mmoja anachanganya Kinyaturu na Kinyiramba na mwingine husikia kwa shida. Kuhusu nyuki hawajui zaidi ya mimi. Programu ya tatu inakwenda vizuri. Sikuigeuza wala sikuirudisha ya kwanza. Majuzi mpwa wangu ameniletea ujumbe kwamba imetoka zana mpya, nyepesi kuliko hii, na sijamjibu.

Wakati ule mama mkubwa aliponiahidi maneno yake, nilitengeneza mahali pake katika programu, nikaandika kichwa cha habari: Nyuki. Kichwa hicho kimehama pamoja na vingine mpaka kimefika katika simu. Ukikigusa hufunguka upesi sana, na chini yake hamna neno.